Injini Changa ya Mzee Ephantus

Watu wa Soy walikuwa wakisema kwamba Nicanor Murunga husikia gari kabla halijaonekana, akakwambia ni la nani na linaumwa wapi. Hilo ni kweli, sikuongezei chumvi. Jambo ambalo hawakulisema, kwa sababu hawakulijua, ni kwamba fundi huyo mpole, tena mwimbaji wa kwaya, alikuwa na kijicho cha kuwatosha watu kumi. Na kijicho chenyewe hakukitawanya ovyo. Alimwekea mtu mmoja tu, mwenye duka la jirani, Ephantus Kinyanjui.

Ili umwelewe Nicanor lazima tuanze na sanduku.

Alitoka upande wa Kimilili akiwa kijana, akaandikwa kazi na kaburu mmoja aliyeitwa Rulof, mwenye shamba la ngano mbele kidogo ya Soy. Kwanza alipewa maksai. Siku moja trekta lilikataa kuwaka, Nicanor akachungulia, akagusa hapa na pale, likawaka. Kuanzia hapo hakurudi kwa maksai tena. Rulof alikuwa na mdomo mchafu, lakini alipenda magari kuliko alivyopenda watu, na yeyote aliyejua magari alipata nafasi kidogo moyoni mwake. Miaka kumi na mitano Nicanor alilala chini ya magari ya Rulof, na kila Krismasi, wazungu waliposhindana mbio kwenye uwanja wa nyasi, gari lililotangulia lilikuwa limefungwa kwa mikono ya Nicanor. Kikombe kilikwenda kwa Rulof, bila shaka.

Bendera ilipopanda, makaburu wengi walianza kufunga mizigo. Rulof akaapa kwamba yeye hang'oki. Kuonyesha kwamba hang'oki, aliagiza injini Amerika. Ilikuja kwa meli, ikaja kwa treni, na aliyekwenda kuipokea stesheni ya Eldoret kwa trekta na trela alikuwa Nicanor mwenyewe. Sanduku la mbao nzito, refu kama jeneza la mtu mnene. Walipobandua mbao za juu, yeye na Rulof waliinama kutazama. Silinda nane, zimelala nne huku na nne huku, na juu yake limekaa dude la chuma la kusukuma hewa ndani kwa nguvu, blowa, linalozungushwa na mkanda mpana kama mshipi wa askari. Nguvu za farasi mia tatu. Trekta zote za shamba lile ukiziunganisha hazikufika hapo.

"Utaifunga wewe, Nika," Rulof alisema.

Haya, maneno yale Nicanor aliyachukua kama ahadi ya ndoa. Lakini mke wa Rulof alikuwa amechoka na Kenya, na mwaka haukuisha kabla kaburu naye hajakubali kuhamia kusini. Injini haikuguswa. Mbao zilirudishwa juu. Ikabaki kwenye ghala, na kila Jumamosi Nicanor alibandua ubao mmoja, akatia oili kwenye matundu ya plagi, akazungusha injini kwa mkono ili ringi zisishike. Hakuna aliyemtuma. Miezi kumi na moja alifanya hivyo, na alipokuwa peke yake na ile injini alizungumza nayo.

Shamba lilinunuliwa na kampuni ya watu waliotoka Kikuyuni, watu waliochanga hisa ili baadaye wagawane ardhi. Vitu vya nyumbani na vya ghala vikauzwa kwa mnada hapo kwenye nyasi za mbele: vitanda, majembe ya diski, piano. Nicanor alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Alisimama mbele kabisa, kofia mkononi, akingoja sanduku lake. Lilipoletwa hakuna aliyejua ni nini. Mmoja alisema ni injini ya kusaga mahindi, mwingine akasema ni pampu. Nicanor alitaja bei yake. Kimya. Dalali aliinua nyundo, na ndipo sauti ya nyuma, sauti isiyo na haraka, ikaongeza. Nicanor akaongeza. Sauti ikaongeza tena. Ng'ombe wawili waliisha mapema sana.

Aliyeshinda alimfuata hata kabla mnada haujaisha. Ephantus Kinyanjui, mtu mfupi wa koti la kijivu, mwanachama wa ile kampuni, ambaye alikuwa amefungua duka Soy mwaka mmoja tu uliopita.

"Sijui hata nimenunua nini," alimwambia. "Lakini nilikuwa nakuangalia wewe, fundi. Niliona vile unaitazama. Nikasema kama huyu anaitaka hivyo, basi hii si takataka. Sasa niambie, ni ya nini?"

Sikiliza jambo hilo vizuri. Mtu amekunyang'anya kitu cha moyo wako, na yaliyomwonyesha ni macho yako mwenyewe. Nicanor alivaa kofia yake.

"Ni ya gari," alisema.

"Basi utanifungia kwa ile Ford yangu. Mtu mwingine asiiguse."

Angeweza kukataa. Aliwaza kukataa usiku kucha, na mkewe Nabwire alimuuliza mara mbili kama tumbo linamuuma. Lakini akikataa, Ephantus angemtafuta fundi mwingine mjini, na huyo angepanua mbao zile kwa mtaimbo kama anayepasua kuni, halafu aitie mikono. Nicanor hakuweza kustahimili hata kuiwaza. Asubuhi alikubali.

Kazi ilichukua miezi mitatu, kwenye gereji ndogo ambayo Nicanor alikuwa ameifungua kando ya nyumba yake, jirani na duka la Ephantus. Ford ile ilikuwa ya mwaka wa hamsini na tano, mwili mkubwa, kifua kipana, lakini chasi yake haikuumbwa kubeba farasi mia tatu. Nicanor aliyakata majembe ya diski ya Rulof na kuchomelea vyuma vyake ubavuni mwa chasi, kushoto na kulia. Mikono ya kushikia injini aliitengeneza mwenyewe, na kati ya chuma na chuma akaweka mpira wa tairi la lori, tabaka tatu, ili mtetemo usipasue bodi. Giaboksi ya zamani ingesagika kama karanga, kwa hiyo alitafuta ya lori. Propela shafti ikakatwa na kuunganishwa upya, rejeta ikawa ya trekta, breki zikabadilishwa magurudumu yote. Halafu boneti ikakataa kufunga, kwa sababu ya blowa. Aliitoboa katikati kwa patasi, polepole, siku mbili, akakunja kingo zake, na dude la chuma likatokeza juu likitazama barabara.

Siku ya kuiwasha, nusu ya Soy ilikuja. Nicanor alizungusha ufunguo. Injini ilikohoa mara moja, kisha ikashika, na mlio ule uliingia kwenye vifua vya watu, kuku wa mama mmoja sokoni wakakimbilia chini ya meza. Juu ya mlio huo kulikuwa na mluzi mwembamba wa blowa. Wazee walicheka peke yao. Ephantus aliweka mkono juu ya bega la Nicanor, machozi yakimlenga, akasema mbele ya watu wote kwamba fundi wa namna hii hayuko hata Nairobi. Alisema kweli, tena kwa roho safi. Nicanor angependa sana kama angekuwa mtu mbaya.

Sasa, injini mpya haikimbizwi. Lazima vyuma vizoeane kwanza. Nicanor alimwagiza asipite maili thelathini kwa saa mpaka amalize maili elfu moja, na nyuma ya gari akafunga kibao cheupe chenye maneno ya Kizungu aliyokuwa akiyaona kwenye magari ya makaburu: "Running In, Please Pass." Maana yake, injini hii ingali changa, wewe nipite tu. Hiyo ilikuwa Januari ya sitini na saba, na mpaka hapo Nicanor hakuwa ametenda kosa lolote.

Ephantus alitii kama anayetii Amri Kumi. Jumamosi ya Pasaka alifika gereji amevaa tai.

"Fundi, elfu moja imeisha jana. Toa kibao."

Nicanor alichukua bisibisi. Nasema alikuwa nayo mkononi, na alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari. Wakati huo Nabwire alitoka nyumbani na chai. Nicanor alipewa kikombe chake cha bati. Ephantus alipewa kile cha udongo chenye maua, kilicholetwa siku ya harusi yao, ambacho katika miaka tisa ya ndoa Nicanor hakuwahi kukinywea. Nabwire hakuwa na ubaya. Mgeni ni mgeni. Lakini Nicanor alimwona Ephantus amekishika kile kikombe, ameegemea ile injini, akimwambia Nabwire kwamba kesho atampeleka mkewe Nyakio mjini, na mara hii gari litakimbia mpaka watu wa Eldoret waseme. Akaishusha bisibisi.

"Mzee," alisema kutoka chini kule, "hii injini iko na blowa. Si kama zingine. Hii ni elfu tano."

"Elfu tano?"

"Ukikanyaga kabla ya hapo itapasuka."

Ephantus alitazama gari lake kwa huzuni, akamaliza chai, akashukuru. "Wewe ndiye unajua," alisema. Akaondoka kwa mwendo wa thelathini.

Basi hapo ndipo Nicanor alipoanza kufaidi. Gari lenye nguvu kuliko yote kuanzia Kitale mpaka Eldoret lilipitwa na kila kitu. Lilipitwa na malori ya mahindi na trekta za maziwa. Kipyego, aliyepeleka barua kwa baiskeli, alilipita kwenye mteremko wa mto, akageuka kupunga mkono. Watoto wakampa Ephantus jina, Mzee Pliz Pass, na baada ya mwezi hata watu wazima walimwita hivyo, yeye akiitika kwa kicheko. Nicanor alisikia lile gari likipita taratibu kila asubuhi, farasi mia tatu wamefungwa kamba, na siku yake ilianza vizuri.

Mwezi wa sita kampuni iliitisha kura ya ardhi, Nakuru, kwenye ofisi yao. Vipande vyote vya shamba la Rulof vilipewa namba, namba zikaandikwa kwenye vikaratasi, vikaratasi vikatiwa kwenye kofia. Saa nne kamili kura inaanza, na asiyekuwepo atachukua kitakachobaki. Ephantus aliondoka alfajiri, akapiga hesabu ya thelathini kwa saa, akabakisha na muda wa chai. Mbele ya Timboroa tairi likapasuka. Kubadilisha kulimla saa nzima, kwa sababu nati moja ilishika. Baada ya hapo barabara ilikuwa nyeupe mbele yake na mguu wake ulikuwa juu ya farasi mia tatu, na hakukanyaga. Aliambiwa itapasuka, hakukanyaga. Alipoingia ofisini, mwenyekiti, Githinji, alikuwa amekwisha geuza kofia, na kikaratasi kimoja kilikuwa mezani.

Ilikuwa namba arobaini na moja. Kule bondeni, kwenye matete, mahali ng'ombe wa Rulof walikuwa wakizama mpaka tumboni. Miaka yote ya kuchanga hisa, na mtu amepewa matope.

Habari hizo Nabwire ndiye aliyezileta nyumbani, akizisimulia huku anafuta macho kwa ncha ya leso. Nicanor alimsikiliza. Kuna kitu kilimgusa mahali fulani, nisimsingizie kwamba hakikumgusa. Lakini alimaliza ugali wake wote, na akaomba mwingine.

Agosti, mvua ikinyesha kila mchana, Nabwire alikwenda asubuhi kukata nyasi za ng'ombe. Panga lilikuwa limelowa, likamteleza, likampata nyuma ya goti. Nicanor aliitwa na kelele za majirani. Alimkuta amekaa kwenye matope, amejishika mguu kwa mikono miwili, na damu ikitoka kati ya vidole kwa mapigo. Alimfunga leso juu ya goti, akakaza mpaka mkewe akalia. Damu ikapungua, lakini haikuacha. Ephantus alikuwa amekwisha fika na gari. Hakuitwa, alikuja tu.

Kutoka hapo mpaka hospitali ya mjini ni maili kumi na sita. Nicanor alikaa nyuma, kichwa cha mkewe mapajani mwake. Mbele aliona mabega ya koti la kijivu, na pembeni mwa mabega hayo, kwenye dashibodi, mshale. Ulikuwa umesimama thelathini.

Alijua neno la kusema. Lilikuwa neno moja, kanyaga. Lakini nyuma ya neno hilo kulikuwa na yote mengine: kikombe cha maua, Pasaka, Nakuru, kikaratasi cha mwisho. Akilitoa moja yatatoka yote. Akakaza leso tena. Nabwire aliuliza kwa sauti ndogo kama wamefika. Wakapita daraja. Wakapita kona ya kinu. Mshale haukusonga, leso ilikuwa imelowa yote, na mumewe, Mungu amsamehe, alikuwa bado anapima aibu yake. Maili nne zilikwenda hivyo. Alizihesabu maisha yake yote.

Aliyevunja kimya alikuwa Ephantus. Hakugeuka.

"Fundi. Nataka uniambie ukweli. Nikikanyaga sasa, itavunjika papo hapo ama itatufikisha kwanza? Mimi ivunjike, sijali. Naogopa tu ituache njiani na huyu mama. Hiyo ndiyo imenizuia."

Nicanor alisikia masikio yake yakiwaka moto.

"Itatufikisha," alisema.

"Una hakika?"

"Haivunjiki, Mzee. Kanyaga."

Ephantus alikanyaga. Mluzi wa blowa ulipanda, gari likainua pua, matope yakaruka juu ya paa. Miti ikawa ukuta. Nicanor alikuwa ameifunga injini ile kwa mikono yake na hakuwa amewahi kuisikia ikiimba, na hata pale, mkewe akimtoka damu mapajani, sehemu moja ya roho yake iliisikiliza. Maili kumi na mbili zilizobaki hata hazikuonekana.

Nabwire alipona. Mguu ulibaki mgumu kidogo, goti halikunjiki vizuri, lakini alipona.

Wiki iliyofuata Ephantus alileta gari gereji, akazima, akamkabidhi Nicanor ufunguo.

"Fungua uangalie nimeharibu nini. Na kama ni kuanza tena, tutaanza tena, elfu tano kutoka mwanzo. Mimi sina haraka."

Nicanor hakupokea ufunguo. "Hakuna kitu umeharibu."

"Hujafungua."

"Haina haja. Ile elfu moja ya kwanza ilitosha. Iliisha Pasaka, vile ulisema. Hiyo ingine niliongeza mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni yako."

Ephantus alimtazama bila hasira, kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua vizuri. Kisha midomo yake ikaanza kuhesabu.

"Pasaka," alisema. "Na kura ilikuwa mwezi wa sita."

Nicanor aliitikia kwa kichwa.

"Nabwire anajua?"

"Hapana."

"Usimwambie. Bado anauguza mguu."

Ephantus aliokota bisibisi kwenye sanduku la vifaa, akapiga magoti nyuma ya gari na tai yake, akafungua kibao mwenyewe. Akakilaza juu ya meza ya kazi, akaingia garini, akaenda. Hakwenda kwa thelathini.

Hakuja gereji tena. Hakumsema Nicanor kwa mtu yeyote, si sokoni, si kanisani. Walipokutana alimjulia hali kama kawaida. Nabwire ndiye aliyeshangaa. Alikuwa akichechemea mpaka dukani kila wiki, anarudi na sukari ambayo hakuilipia, anasema Mzee anakusalimu, mbona siku hizi haji kunywa chai? Jioni, wakila, alirudia jambo lile lile: "Mtu akubali kuvunja injini yake kwa sababu ya mke wa mwingine, huyo utampata wapi?" Nicanor alijibu kwamba kweli, hapatikani. Na wivu ulimuuma pale pale ulipokuwa ukimuuma siku zote, ila sasa hakuwa na dawa ya kuupaka.

Kila asubuhi alilisikia gari likitoka. Mwisho wa mwaka akasikia kitu kingine: mkanda wa blowa umelegea. Ulikuwa unalia kidogo gari likipanda. Dawa yake ni robo ya mzunguko wa spana kwenye nati moja, na nati hiyo aliifunga yeye, anaijua ilipo hata akifumba macho. Wiki ikapita, ya pili ikapita, mkanda unalia. Alianza kusimama mlangoni gari likipita, spana ya nati hiyo mkononi, kama aliyeitoa kwa kazi nyingine. Ephantus alimpungia mkono, akapita.

Halafu Jumatatu moja gari likapita, likapanda kilima chote, na mkanda haukulia. Nicanor alisubiri mpaka mlio ulipotelea upande wa Eldoret, ili awe na hakika. Mkanda ulikuwa umekazwa vizuri sana, na mkono wa mtu mwingine.